Farasi Aliyefundishwa Kutokimbia

Paukwa!

Pakawa!

Sungura na fisi leo nimewapa likizo, wajukuu zangu. Habari ninazowasimulia zimetokea kweli, katika miji inayojulikana na miaka iliyoandikwa. Lakini nawategea kwanza. Kitendawili!

Tega!

Mungu kanipa miguu minne nikimbie, binadamu wananilisha ili nisikimbie.

Nani amesema punda? Umekaribia. Ng'ombe wa plau? Hapana, huyo hata akiambiwa akimbie hataki. Haya, nipeni mji. Mmenipa Zanzibar? Ahsanteni, nimekwenda Zanzibar, nimekula urojo, nimerudi. Jibu ni farasi wa polisi.

Sasa tulieni, maana lazima kwanza mjue farasi ni mnyama wa namna gani. Farasi wa porini ni kitoweo cha wengine. Hana pembe, hana makucha, hana meno ya kurarua. Anaweza kupiga teke, lakini ngao yake ya kwanza ni mbio. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote bila kugeuka. Mahali asipopaona ni nyuma yake kabisa, usawa wa mkia, na kijisehemu kidogo mbele ya pua. Masikio yake huzunguka, moja likasikiliza mbele na jingine nyuma. Hata usingizi wake mwepesi huupata amesimama, ili akishtuka asipoteze muda wa kuinuka. Mfuko wa plastiki ukipeperuka barabarani, wewe unaona mfuko. Yeye anaona chui, na kabla hujamwambia atulie keshafika mbali.

Mnyama huyohuyo mwoga ndiye ambaye polisi wa London walimchagua asimame katikati ya umati, mabasi, ngoma na kelele za mpira. Walimpendea nini?

Zamani, London ilipokuwa bado imezungukwa na mashamba na nyika, barabara za kuingia mjini zilikuwa na majambazi wapanda farasi. Walijificha vichakani, wakasubiri gari la kukokotwa lipite na abiria wake, kisha wakatokeza na bastola: pesa au roho! Mwaka 1763 hakimu wa Bow Street, Sir John Fielding, akaamua kuwajibu kwa farasi. Huyu Fielding alikuwa kipofu tangu ujanani, na watu walisimulia kwamba aliwatambua wahalifu wengi kwa sauti zao tu. Aliajiri wapanda farasi wachache wazunguke kwenye njia kuu usiku. Ujambazi ukapungua. Kisha serikali ikaacha kutoa fedha, askari wakarudi nyumbani, na majambazi nao wakarudi vichakani.

Mwaka 1805 kikosi kikaundwa upya, sasa kikiwa na wanaume wapatao 50, wengi wao waliokwisha kutumikia vikosi vya farasi jeshini. Tazameni walivyovaa: koti la buluu, na ndani yake kizibao chekundu kinachowaka. Waingereza wana ndege mdogo mwenye kifua chekundu, basi watu wakawaita askari wale kwa jina la ndege huyo. Walipokutana na msafiri gizani walipaza sauti kumjulisha kwamba wao ni doria ya Bow Street, ili asidhani ni wezi.

Mnaona mambo yalivyogeuka? Jambazi huvaa nguo za giza akajibanza. Askari hawa walivaa nyekundu, wakapanda juu ya mnyama mrefu, wakapiga kelele. Walitaka waonekane. Msafiri akiwaona moyo unatulia, na mwizi akiwaona anaahirisha kazi yake. Sir Robert Peel alipoanzisha Polisi wa Jiji Kuu la London mwaka 1829, askari wale wa Bow Street walikuwa bado wanazunguka barabarani, na mwaka 1836 wakaunganishwa na polisi hao wapya. Kikosi cha farasi cha London kipo hadi leo.

Mtaniuliza, huyo farasi mwoga anafundishwaje? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, afisa mmoja aliyetoka jeshini, Percy Laurie, alikabidhiwa kikosi hicho akipange upya. Ndipo kikapata kituo cha mafunzo mahali paitwapo Imber Court, nje kidogo ya London. Hapo ndipo farasi na askari wanaposomeshwa, kila mmoja akijifunza tabia za mwenziwe.

Farasi anayechaguliwa huwa mkubwa. Begani hufika sentimita 163 hivi au zaidi, na uzito wake hupita kilo 500. Huanza kwa mambo madogo. Anaonyeshwa bendera ikiwa imekunjwa, aichunguze kwa pua yake. Kesho bendera inafunguliwa kidogo. Keshokutwa inapeperushwa. Kisha zinakuja ngoma, mipira inayobingirishwa miguuni mwake, moshi, watu wanaopiga mayowe na kumrushia vitu laini. Kila akishtuka, mpandaji hamchapi. Akimchapa, farasi atajifunza kwamba bendera huleta maumivu, na siku nyingine ataiogopa mara mbili. Mpandaji hutulia juu ya tandiko, akalegeza hatamu, akazungumza naye taratibu, akamrudisha palepale. Farasi huyapima mambo kwa mwili wa aliyempanda. Askari akikaza mapaja na kushika pumzi kwa hofu, farasi anajua. Kwa hiyo anayefundishwa kwanza kutoogopa ni binadamu. Waswahili tunasema mazoea hujenga tabia, na hapa tabia inajengwa kwa wawili pamoja.

Msidhani askari huyo hufika kazini akapanda farasi kama mtu apandavyo basi. Siku yake huanza bandani. Anatoa kinyesi, anabadilisha matandiko ya sakafuni, anampa mnyama majani makavu na maji, anampiga brashi mwili mzima, anainua kila mguu akaangalia kama kuna jiwe limekwama kwenye kwato. Viatu vya chuma vya farasi hubadilishwa kila baada ya wiki chache na fundi maalumu, kwa misumari. Usishtuke, haumii! Ukingo wa kwato ni kama ukucha wako, hauna hisia. Baada ya kazi, farasi huhudumiwa kwanza, askari ndipo akanywe chai.

Haya, sasa niwapeleke uwanjani. Tarehe 28 Aprili 1923, Wembley, London. Uwanja ulikuwa mpya kabisa, na shughuli ya kwanza kufanyika hapo ilikuwa fainali ya Kombe la FA, Bolton Wanderers na West Ham United. Uliweza kuchukua watu kama 125,000, na wakubwa walidhani nafasi itabaki. Wengi walikuwa wafike mlangoni, walipe, waingie. Lo! Walikuja watu kama nzige. Waliolipa na kuhesabiwa walikuwa 126,047, lakini milango ilipofungwa wengine walipanda kuta na kuruka vizuizi. Wanaokadiria husema huenda walifika 200,000 au zaidi. Viti vikajaa, ngazi zikajaa, na watu wakasukumana mpaka wakamwagika ndani ya uwanja wenyewe. Nyasi zikapotea chini ya kofia za watu. Mfalme George wa Tano amekwishafika, wachezaji wako tayari, na pa kuweka mpira hakuna.

Polisi wa farasi wakaitwa. Mmoja wao alikuwa konstebo George Scorey, aliyewahi kuwa askari wa farasi jeshini, naye alimpanda Billie, farasi wa rangi ya majivu iliyopauka sana. Kwenye picha za zama hizo, ambazo hazikuwa na rangi, Billie alionekana mweupe pe katikati ya bahari ya makoti meusi.

Je, Scorey alitimua mbio akawakanyaga? Angefanya hivyo angeua. Watu wale hawakuwa na pa kukimbilia, maana nyuma yao kulikuwa na watu, na nyuma ya hao kulikuwa na watu. Alimwendesha Billie hatua kwa hatua, mnyama akisukuma polepole kwa bega na pua. Scorey alisimulia baadaye kwamba aliwaambia waliokuwa mbele washikane mikono, warudi nyuma kidogo, wasimame, warudi tena kidogo, mpaka wafike mstarini. Wakacheka, wakatii. Askari wenzake wa farasi na wa miguu walifanya hivyohivyo pande nyingine. Baada ya kama dakika 45 za kuchelewa, uwanja ukapatikana. Mashabiki wakasimama wamejipanga kandokando ya mstari, mpira ukachezwa, Bolton wakashinda 2–0. Wengi waliumia siku ile kwa msukumano, lakini hakuna aliyekufa. Mwaka uliofuata tiketi zote zikauzwa kabla ya siku ya mchezo.

Fainali ile mpaka leo huitwa Fainali ya Farasi Mweupe, na karibu na Wembley ya sasa kuna daraja la waenda kwa miguu lenye jina la Farasi Mweupe. Scorey mwenyewe, inasemekana, hakuwa hata mpenzi wa mpira.

Vita Kuu ya Pili ikaja, na mabomu yakaanza kuanguka London. Huko farasi walipewa mtihani mgumu kuliko bendera na ngoma. Nishani ya Dickin, ambayo Waingereza huwapa wanyama waliotenda ushujaa wakati wa vita, ilivishwa farasi watatu wa polisi mwaka 1947: Regal, Upstart na Olga. Regal aliingiliwa na moto bandani mara mbili, na mara zote mbili alitulia akangoja kutolewa. Upstart alikuwa barabarani bomu lilipolipuka mita zipatazo 70 kutoka alipo. Vioo na vifusi vikamnyeshea, naye akaendelea kusimama huku mpandaji wake akiongoza magari.

Lakini ninayempenda mimi ni Olga. Bomu lilibomoa nyumba nne mtaani Tooting, na kioo kikubwa cha dirisha kikapasuka mbele ya uso wake. Olga akakimbia, kama mita 90 hivi. Kisha mpandaji akamtuliza, akamgeuza, na Olga akarudi mpaka kwenye vifusi, akasimama kuwazuia watu wasisogelee hatari huku waokoaji wakifanya kazi. Alikimbia, naam, na nishani akapewa. Waliompa walijua hofu haimtoki farasi hata afundishwe vipi. Walichomsifia ni kurudi.

Siku hizi, mtasema, kuna magari, kamera, helikopta na ndege zisizo na rubani. Farasi wa nini? Watafiti nchini Uingereza waliamua kulipima jambo hilo. Waliwafuata askari wa farasi na askari wa miguu wakizunguka mitaani, wakahesabu ni mara ngapi watu walisimama kuzungumza nao bila kulazimika, salamu tu na mazungumzo ya kawaida. Kwa muda uleule, askari wa farasi walizungumza na watu takriban mara sita zaidi ya wenzao wa miguu.

Sababu yake mnaijua wenyewe. Ukimwona askari anatembea, unajiuliza nimekosa nini. Ukimwona farasi, unataka kumgusa pua. Anaitwa nani? Anakula nini? Anauma? Mama anasimama kwa sababu mtoto amesimama. Mzee anatoka dukani kutazama. Katikati ya maneno hayo, mmoja anasema: afande, taa ya njia ile imeharibika, na usiku kuna vijana wanawasumbua wapita njia. Hapo ulinzi wa mtaa umefanyika. Askari amejua jambo ambalo asingelisikia akiwa ndani ya gari lililofungwa vioo, na mwenye duka amemjua askari kwa sura. Siku ya shida hatakuwa anazungumza na mgeni.

Tumefika kwenye sherehe, na najua mnazipenda. Walinzi wa mfalme wanapobadilishana zamu mbele ya jumba la Buckingham, bendi hupita barabarani, na watalii hujaa pande zote. Askari wa farasi huwatangulia wakafungua njia, wengine wakapita pembeni kuwasogeza watu wasije wakaingia chini ya miguu ya gwaride. Kwato zinapakwa mafuta, lijamu inang'arishwa, singa zinachanwa, na picha zinapigwa. Hata hivyo kazi ni ileile ya Wembley, isipokuwa watu wana furaha na muziki uko karibu na masikio ya farasi. Tarumbeta inapolia hatua tatu kutoka kichwani mwake, yale mazoezi ya ngoma pale Imber Court ndiyo yanayomshikilia.

Farasi mmoja wa polisi aliyejulikana sana kwa sherehe hakutoka London. Alitoka Kanada. Huko kuna polisi walioanzishwa mwaka 1873 kulinda nyika kubwa za magharibi, wale wenye koti jekundu na kofia pana. Siku hizi kazi zao za kila siku hufanywa kwa magari, lakini wamehifadhi kundi la wapandaji 32 linalocheza na farasi weusi kwa muziki, wakipishana na kuzunguka kwa mistari iliyonyooka kama uzi, na maonyesho yao huchangia fedha kwa shughuli za jamii wanazotembelea. Mwaka 1969 polisi hao walimzawadia Malkia Elizabeth wa Pili farasi jike mweusi, Burmese. Malkia akampanda kila mwaka kwenye gwaride la siku yake ya kuzaliwa mpaka mwaka 1986. Katika gwaride la 1981 kijana mmoja alifyatua bastola mara sita kutoka kwenye umati. Zilikuwa risasi baridi, zisizo na kichwa, lakini Burmese hakujua hilo. Akashtuka, akaruka hatua kadhaa. Malkia akamshika vizuri, akampapasa shingo, na gwaride likaendelea. Malkia alipozikwa, Septemba 2022, polisi wanne wa Kanada juu ya farasi ndio waliotangulia mbele ya msafara.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya kwa kunyamaza. Ukubwa uleule unaomfanya mtoto asogee karibu unaweza kumtisha na kumuumiza mtu. Tarehe 4 Oktoba 1936, watu wa kundi la kifashisti la Oswald Mosley walitaka kuandamana kupita mashariki mwa London, mahali walipoishi Wayahudi wengi. Wakazi, Wayahudi na Wairishi na wafanyakazi wa bandarini, wakaziba njia katika mtaa wa Cable Street. Polisi wakatumia farasi kuwafungulia waandamanaji barabara. Wakazi wakamwaga gololi, naam, gololi kama zenu hizo, chini ya kwato, farasi wateleze. Mwishowe maandamano hayakupita.

Na tarehe 18 Juni 1984, huko Orgreave kaskazini mwa Uingereza, wachimbaji wa makaa ya mawe waliokuwa wamegoma walikimbizwa na polisi wa farasi. Watu 95 walishtakiwa, kesi zikaanguka mwaka uliofuata kwa sababu ushahidi wa polisi haukuaminika. Malalamiko hayakuisha, na mwaka 2025 serikali ikatangaza uchunguzi rasmi. Farasi wa Orgreave walisomeshwa uvumilivu uleule aliosomeshwa Billie. Siku ile walielekezwa kwingine. Kwa hiyo mkisikia farasi amesukuma watu, msimuulize farasi. Muulizeni aliyeshika hatamu, na aliyemtuma.

Na kwetu je? Tanzania, Jeshi la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi. Kenya, farasi wamewasaidia askari wanaopambana na wizi wa mifugo, kwenye mabonde na miamba ambako gari linakwama. Lakini Afrika Mashariki haikupata kuwa nchi ya farasi, na mwenye kulaumiwa ni mdudu mdogo, mbung'o. Huyu humwambukiza farasi ugonjwa wa nagana, na farasi huuhimili vibaya. Ndiyo maana misafara ya zamani kutoka pwani hadi Ujiji ilibeba mizigo kwa mabega ya watu.

Basi, ikitokea siku umekutana na farasi wa polisi, iwe Dar es Salaam, Muscat au London, fanya hivi. Msalimie askari kwanza, umwombe ruhusa. Usimwendee farasi kutoka nyuma, ambako hakuoni, kwa maana akishtuka atapiga teke kabla hajajua ni wewe. Mwendee kutoka mbele kwa upande kidogo, polepole, ukizungumza, ili sauti yako imfikie kabla ya mkono wako. Mguse shingoni au begani. Puani subiri mpaka yeye mwenyewe akunuse. Usimlishe peremende wala mkate, chakula chake kinapimwa. Usikimbie mbele yake na usimpasulie puto. Ukimaliza, muulize askari jina la farasi, kisha mwambie na lako. Na kama mtaani kwenu kuna jambo linalowasumbua, mwambie palepale, maana ndilo lililomleta.